Kompyuta ya Wifi na Diski Niliyoondoka Nayo

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya pili baada ya duka la mbao.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Mpwa wako Kibonge dakika hii hii amechukua waya wa diski yangu, akafunua gauni, akauchomeka kwenye kitovu chake, akanitazama na kusema, "Mama, washa." Nimecheka mpaka kalamu imeniponyoka. Halafu nikakumbuka ule ni waya wa nini, hasira zikarudi zote.

Shikamoo, Kaka. Ipokee, maana ulizaliwa kabla yangu na hilo siwezi kulibadilisha. Mwili haujambo? Mgongo je, bado unakuuma kwa kubeba maboksi hapo ghalani? Umepata mtu wa kukupikia au bado unaishi kwa chai na mkate? Sisi huku wazima. Kibonge ameota magego mawili na anayajaribia kwenye mabega yetu. Baba Kibonge anakwenda kazini na kurudi salama. Mama presha imeshuka, anasema wewe humpigii. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio nataka kukueleza.

Tangu Jumanne nakupigia, simu inaita mpaka inakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii ataileta dereva wa lori la ghala lenu, na nimemwambia hata ukijificha nyuma ya mizigo akupe mkononi. Nitaandika yote tangu mwanzo, hata unayoyajua, ili siku ukimsomea mtu mwingine asipotee njiani.

Unajua kazi yangu pale kwa wifi, dada yake Baba Kibonge. Yeye ana duka la kushona na mashine ya kudarizi inayochora kwa uzi kila inachoambiwa na kompyuta. Kompyuta yenyewe ulimwekea wewe zamani, na Linux yake, ule mfumo unaoiendesha, ni ya siku hizo hizo. Programu mpya ya kuchora nembo inaikataa. Nilipomwomba wifi tubadilishe alinijibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Hiyo kompyuta isiguswe. Ikifa hiyo, duka limekufa."

Wewe ndiye uliyeniambia ipo njia. Ukanitumia diski ya nje na flashi ya kuwekea, ukasema nitaweka Linux ya pili kwenye diski yangu mwenyewe, na ile ya wifi haitajua hata kama nimepita. Ulisema itakuwa kama mgeni anayekuja na kitanda chake. Nilipenda maneno yale, nikayarudia kwa wifi, naye akakubali.

Ijumaa ya wiki iliyopita, wateja walipopungua, nikakaa. Kibonge alikuwa amelala juu ya rundo la vipande vya vitambaa. Simu nimeibana kati ya sikio na bega. Kila ukurasa uliotokea nilikusomea kama mtoto wa darasa la kwanza. Palipouliza diski gani nilisoma mara tatu, nikaijua ya kwangu kwa ukubwa wake, nikaichagua.

Kisha chini kabisa ya ukurasa nikaona kisanduku kimoja kidogo. Kilikuwa kinauliza kiwashio kiwekwe diski gani, na ndani yake ilikuwa imeshaandikwa diski ya ndani. Ya wifi. Nikakuuliza, "Kaka, hapa chini pametajwa diski ya ndani. Nibadilishe?" Ulikuwa unagombana na mtu huko, unapiga kelele, "Hayo siyo hapo, weka kule!" Halafu ukaniambia, "Acha kama ilivyo, bonyeza endelea." Sikubonyeza. Nikakuuliza mara ya pili. Unakumbuka ulivyonijibu?

"We mtoto, fundi nani hapa?"

Nikabonyeza.

Sitakudanganya, jioni ile nilikuwa na furaha ya kuruka. Linux mpya ikawaka, programu ikafunguka, nikachora nembo ya shule, ndege amesimama juu ya kitabu. Mashine ikaidarizi yote bila uzi kukatika hata mara moja. Wifi akaja akaipapasa kwa kidole gumba, akageuza upande wa nyuma akatazama mafundo, akasema, "Hee." Kwa mtu kama yeye hiyo "hee" ni hotuba nzima. Nikachomoa diski yangu, nikaitia kwenye mkoba pamoja na chupa ya uji, nikaenda nyumbani naimba.

Asubuhi yake nilikuwa bado namvisha Kibonge nikaitwa mbio. Kompyuta ya duka imegoma. Kioo cheusi, mstari mmoja wa maneno, inasema diski haipo. Wamezima wamewasha, wameipiga ubavuni, haiamki. Mimi kwa ujinga wangu wa kutaka kusaidia nikatoa diski kwenye mkoba nikaichomeka. Kaka, ikaamka! Kila kitu cha wifi kipo, vitabu vyake vya vipimo, nembo zake zote. Nikachomoa nijaribu tena. Ikafa. Nikachomeka. Ikaamka.

Kulikuwa na yule fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara, tunamwita Fundi Miwani, ambaye miwani yake hukaa kwenye kipara, machoni sijawahi kuiona. Naye ndiye aliyetoa hukumu. "Mmeona wenyewe? Ameuhamisha mfumo wa duka kaingiza kwenye diski yake. Kuanzia leo bila yeye hamfungui."

Mimi! Wifi hakupiga kelele, na bora angepiga. Aliniambia polepole, "Ungeniomba, ningekupa. Kwa nini uchukue?" Akachomoa diski akaifungia kwenye droo, asubuhi anaichomeka mwenyewe, jioni anaitia kufuli tena.

Nikatoka nje nikakupigia. Ukanisikiliza, ukacheka kidogo, hicho kicheko bado kiko sikioni mwangu, ukasema, "Ah, kile kisanduku." Ukanieleza kwamba kiwashio ni kama bawabu wa mlangoni anayeamua nani aamshwe, na kwamba tulimweka bawabu mpya kwenye mlango wa wifi, lakini daftari lake la maelekezo likabaki kwenye diski yangu. Nikiondoka nayo, bawabu anasimama hajui chumba chochote. Nikaelewa mara moja. Nikasema, "Basi ngoja nimpe wifi simu umweleze." Ukasema nini, Kaka?

"Usinitaje. Nitaonekana sijui kazi."

Wewe uonekane unajua, mimi nionekane mwizi! Niliishia darasa la saba lakini hesabu hiyo naiweza. Ukaniambia nikupe mpaka Jumatatu utapata namna. Jumatatu ukasema kesho. Kesho yake simu ikawa haipokelewi. Na mimi nikalinyamazia jina lako siku zote hizo, nikalimeza kama kidonge bila maji, kwa sababu ni la kaka yangu.

Sikukaa kukusubiri. Nilitafuta kwenye simu ukurasa unaoeleza jambo hilo, nikausoma kwa kidole, neno kwa neno, siku mbili, huku Kibonge amenipanda mgongoni. Ni mistari miwili tu ya kuandika. Mmoja unamrudisha bawabu kwenye diski ya ndani, mwingine unamwandikia daftari jipya hapo hapo. Na nikaona namna ya kuiwekea diski yangu bawabu wake yenyewe, asimtegemee mtu. Juzi Alhamisi nikamwomba wifi nafasi. Walikuwepo wote, mpaka Fundi Miwani na wateja wawili. Nikaandika. Nikachomoa diski, nikazima, nikawasha. Kompyuta ikaamka peke yake kama siku zote.

Nikageuka niwaone. Nilidhani mtu atasema pole, au hata ile "hee".

Fundi Miwani akapiga makofi. "Si nilisema mimi? Kabanwa, karudisha!"

Wakacheka. Umeelewa lakini? Kurekebisha kwangu ndiko kumekuwa ushahidi. Nisingejua kitu wangeniona mjinga tu, ningebaki na jina langu. Wifi akanirushia diski, akasema, "Chukua mali zako." Na tangu saa ile nikitoka jioni mkoba wangu unapekuliwa mlangoni. Anatoa nepi moja moja, anazikunjua, anatikisa chupa ya uji. Jana mteja amesimama na gauni lake mkononi anatazama. Na Kibonge, Kaka, Kibonge tulipofika mlangoni alikimbia mbele akaufungua mkoba mwenyewe, akaanza kumkabidhi shangazi yake nepi huku anacheka. Anadhani ni mchezo wetu wa kuagana.

Hapo ndipo niliposema imetosha. Leo sikwenda kazini. Baba Kibonge amewekwa katikati ya dada na mke, anasema, "Nyamaza tu, litapita." Halitapita. Mtoto wangu hatakua akijua kwamba mlangoni mama yake hupekuliwa.

Sasa sikiliza ninachotaka. Jumapili ijayo, siyo hii ya kesho, wanakaa wote kwa mama mkwe kuzungumza kama niendelee na kazi au la. Saa nane mchana watakuwa wameshakula. Piga simu. Usimpigie Baba Kibonge, mpigie wifi mwenyewe, umwambie aweke sauti ya juu wote wasikie. Useme hivi: dada yangu aliona kosa kabla halijatendeka, akauliza mara mbili, mimi ndiye niliyemwambia aache. Hakuchukua kitu. Basi. Usipambe, usiingize maneno ya kifundi wasiyoyajua ukajificha humo ndani. Kuonekana hujui kazi kutakuuma siku moja tu. Mimi hili la wizi, kwa wakwe, nitazeeka nalo.

Usipopiga, nitasema mwenyewe. Na nitasema mpaka ile "fundi nani hapa", kwa sauti yako ile ile, unajua naweza kuiiga.

Usidhani nimekuchukia. Ningekuchukia nisingepoteza karatasi tatu. Wewe ndiye uliyenichorea kibodi juu ya kipande cha katoni nikajifunza herufi hatujawahi hata kuiona kompyuta. Ndiyo maana limenikaa hapa kifuani. Angekuwa mtu mwingine kaniambia niache kile kisanduku, nisingemsikiliza. Nilikuwa nimeona, Kaka. Macho yangu yaliona sawasawa, nikayafunga kwa sababu ni wewe.

Na kazi sijaiacha. Kwenye diski yangu nimeshachora nembo nyingine mbili, moja ya zahanati na moja ya timu ya mpira ya wanawake wa sokoni, hakuna aliyeniagiza, nachora tu nikijua watakuja. Siku moja nitakuwa na mashine yangu mwenyewe karibu na dirisha, na Kibonge atakaa hapo anachagua rangi za nyuzi. Hilo naliona waziwazi.

Haya. Nisalimie wenzako wote wa ghalani, hasa yule mzee wa getini aliyekwenda kukuita siku ile nilipopiga simu getini. Mama anakusalimu na anasema uvae kitu kizito asubuhi. Baba Kibonge naye anakusalimu, hajui ninachokuandikia. Kibonge angekusalimu lakini sasa hivi amelala kifudifudi, waya bado anao mkononi. Mungu akulinde na mizigo mizito, akupe usingizi mwema, na akupe ulimi wa kusema neno moja la kweli Jumapili saa nane. Mimi ni yule yule dada yako akupendaye, hata leo ninapoandika meno yameumana, na kabla sijatia sahihi

Ngoja, kuna mtu anagonga geti. Ni wifi. Anaita kwa sauti ya juu, "Wifi! Wifi, upo? Mwalimu yuko dukani, anataka zile nembo za ndege, na kwenye kompyuta yetu hazifunguki! Njoo na diski!" Baba Kibonge ameshatoka kumfungulia, naye ananiita, nifanye haraka. Nakwenda. Diski nimeishika mkononi, mkoba nauacha hapa kitandani, na sitachomeka chochote mpaka nimwambie wifi, mbele ya huyo mwalimu na Fundi Miwani akiwepo, kwamba mimi sikuiba kitu, kwamba niliuliza mara mbili, na