Mlio wa Sikio la Kushoto

Jumapili, 2 Machi

Nimeamka, sikio la kushoto bado linalia. Jana nilidhani ni uchovu tu — tulipiga harusini saa sita mfululizo, nami nilisimama ubavuni mwa spika kubwa kama mjinga. Nyiiii. Sauti nyembamba, haipumui. Nimezima feni. Nimechomoa friji. Mama akauliza nyama iliyomo imenikosea nini. Nimerudisha plagi. Friji haina kosa jamani, ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya nne. Haijakata hata dakika moja. Nimejaribu mafuta ya uvuguvugu, nimeruka kwa mguu mmoja, nimeziba pua nikapuliza. Wapi!

Mazoezini nilitia pamba sikioni, nikafunga kitambaa juu yake. Mjomba, mwenye bendi, aliyenifundisha gitaa nikiwa na miaka tisa, amesema leo napiga kwa woga. Kaka akanitania kutoka kwenye dramu zake, eti nimependa. Nikacheka nao. Ningewaambia nini? Jumamosi tunarekodi, mara yetu ya kwanza. Mjomba akijua, atamweka mtu mwingine siku hiyohiyo. Hana mchezo huyo: mpiga besi alimtoa kwa kikohozi tu. Na mimi bila gitaa ni nani? Sijui kazi nyingine, na sitaki kujua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Nyumbani nimesema naenda kununua nyuzi za gitaa.

Kuna kijichumba kama kabati. Unavalishwa hedifoni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Nikabonyeza, nikabonyeza. Daktari akafungua mlango, akasema kwa upole kwamba mara tano nilizobonyeza hakuwa amepiga mlio wowote. Nikalia mbele yake, sikuona haya.

Itaisha lini? Hakusema lini. Pengine itapungua, pengine nitaizoea, ila kilichokufa humo ndani hakioti tena. Nivae vizibo vya masikio. Nipumzike mwezi mzima. Mwezi! Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama hulisema hilo kila siku. Najua. Lakini wacha kwanza turekodi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua mchana kutwa. Bati lilipiga kelele, nikapata nafuu saa mbili nzima. Ilipokatika, nilitamani inyeshe tena. Naogopa kesho. Wanasema kuta za studio zinameza kila sauti.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwenye ngazi, nje ya studio. 

Fundi mitambo alitueleza: wimbo ukiisha, mtu asikohoe, asiguse kiti, mpaka noti ya mwisho ya gitaa inyamaze kabisa. Mjomba akasema kazi hiyo aachiwe mpwa wake, ana masikio ya paka. Sauti ikiisha, nitainua mkono. Nikaitika. Ningekataaje?

Wimbo ukaisha. Noti yangu ikaenda, ikaenda. Watu wameganda, macho yote kwangu. Bado nasikia. Bado nasikia! Mwishowe Mjomba akauliza kama nimelala, imekwisha zamani. Wakacheka.

Tukarudia. Safari hii nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na mbili, nikainua mkono. Fundi akatoa dole gumba. Mjomba akanipiga begani, eti hayo ndiyo masikio.

Kaka hakucheka. Tulipopewa mapumziko akanifuata huku, akasimama mbele yangu, vijiti vya dramu mkononi.

"Umehesabu," akasema.

Nikakana.

"Midomo ilikuwa inacheza, mdogo wangu. Na mimi nilihesabu. Nilifika kumi na moja."

Nikamtazama. Sikuelewa, halafu nikaelewa. Tangu lini? Mwaka wa tatu huu, akasema. Masikio yote mawili yanalia. Hajamwambia mtu, na mimi nisimwambie mtu.

Sasa amekaa ngazi ya chini, amenipa mgongo, anafunga kamba za viatu. Nimemwuliza kama sauti inazidi.  Nimeuliza tena, kwa nguvu, mpaka mlinzi wa getini akageuka. Kaka hakugeuka.

Mjomba anatuita, bado nyimbo nne. Anaita mara ya pili. Kaka bado na viatu vyake. Ngoja nishuke nimguse bega.