Fidla Kabla ya Arobaini

Gare, Jumapili mchana

Mjukuu wangu Nuru,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako amevuna maharage, na baridi imeanza kutubana.

Umeona ile video ya mwaka wa korona, ukauliza kwa nini nilipiga fidla wiki mbili tu baada ya kumzika babu yako. Lile lilikuwa tamasha la muziki la kila mwaka hapa Gare, na alilianzisha yeye. Mikusanyiko ilipozuiwa, tuliamua tupige kanisani bila watu, turushe mubashara kwa simu. Tulibaki wapigaji watatu. Bila mimi lingekufa.

Petro, mdogo wa babu yako, akanizuia mlangoni. "Shemeji, arobaini haijafika. Mjane hatoki!"

"Kanisa ni tupu. Nani ataniona?"

"Simu hiyo! Dunia nzima itakuona!"

"Basi waambie wavae vizuri."

Nikampita. Babu yako alipiga fidla kwenye mazishi ya watu wengi, lakini yeye tulimzika haraka, watu wachache, bila hata wimbo mmoja. Sikukubali aondoke kimya. Nilipiga nikiwa na kaniki yangu nyeusi, nikakosea mara mbili, nikaendelea. Tulipomaliza hapakuwa na makofi. Petro, aliyenifuata ili anirudishe, alikuwa amekaa benchi la nyuma, kofia mkononi, analia.

Hakunisema tena. Na mimi sijajuta hata leo. Kilio changu kilihitaji kusikika.

Ukinikumbuka, mjukuu wangu, nikumbuke hivyo, fidla ikiwa begani.

Bibi yako