Niliita Roho Nne, Jirani Ndiye Akaitwa Mchawi

Mama Umi mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo naibu wa chifu ameita baraza hapa kwetu Khwisero na mimi wiki mbili sasa nahangaika. Mimi ni kijana wa miaka thelathini na moja, nina diploma, na nia yangu ni kugombea uwakilishi wa wadi uchaguzi ujao, lakini nikipewa maikrofoni tu mdomo unakauka, na kwenye mazishi ya mwezi wa nne niliitwa nisalimie waombolezaji nikasema "Naitwa..." halafu nikasahau naitwa nani, watu wakacheka mpaka mfiwa mwenyewe akacheka.

Basi nikapata kwenye simu kitabu cha wazungu kinachofundisha kuita roho za upepo, moto, maji na udongo zije zikupe nguvu ya kusema, na kwa kuwa vifaa vyao hapa havipatikani nikabuni ibada yangu mwenyewe, nikaichora kwa rula na bikari kwenye karatasi ya grafu, upepo mashariki, moto kusini, maji magharibi, udongo kaskazini, upepo nikauwekea manyoya ya ingokho, yule jogoo mweupe wa mama, maji nikachota mto Yala, udongo kitabu kilisema uwe wa mababu kwa hivyo nikachimba kidogo kaburi la babu hapo nyuma ya nyumba, na moto kilisema utoke mahali palipowaka miaka mingi, nikang'oa figa moja jikoni kwa mama.

Jumapili wote wakiwa kanisani nikatafuta mahali tambarare, na boma letu ni mteremko mtupu isipokuwa pale mpakani, karibu na viazi vitamu vya jirani yetu Mama Ayuma, mjane anayeishi peke yake, nikachora duara kwa unga wa mahindi, nikavaa joho langu la mahafali, nikasimama katikati nikaanza kusoma, na nilipofika kwa roho ya moto mvua ya mawe ikashuka, radi ikapiga, nikakimbia nikaacha kila kitu. Radi hiyo ilimuua ng'ombe wa baba aliyekuwa amefungwa chini ya mkaratusi.

Watu walipotoka kanisani waliona alama ya duara, manyoya, figa na udongo wa kaburi, na vyote viko kwa viazi vya Mama Ayuma, wakasema ni yeye. Mama analia, anasemanga mtu aking'oa figa la mwenzake anataka ile nyumba ivunjike, sasa hapiki tena humo jikoni, na huyo Mama Ayuma wameombana chumvi miaka ishirini lakini wakikutana kisimani hawasalimiani. Vijana wamefyeka viazi vyake na wanasema baraza likiisha watachoma nyumba. Baba aliniuliza kama siku hiyo niliona mtu pale mpakani, nikasema niliona kama mwanamke.

Swali langu, Mama Umi, je, nilikosea kuita moto kabla ya maji? Na nikirudia ibada kwa mpangilio unaofaa, mambo yanaweza kutulia bila mimi kutajwa? Tafadhali ficha jina langu, unajua mambo ya kura.

Mtarajiwa, Khwisero.

*

Wewe Mtarajiwa,

Lahaula! Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikamwagikia meza. Mara ya pili sikucheka.

Joho la mahafali! Mtu mzima na diploma yake, amesimama kwenye viazi vya watu amezungukwa na unga, ananyeshewa mvua ya mawe huku anayasomea manyoya ya kuku. Roho yoyote yenye akili ingekuona kwa mbali ikageuza njia. Na unga huo, mwanangu, ungetosha obusuma, ugali wa watu wanne.

Nakujibu swali lako ili usiendelee kulipigia rula. Hukukosea mpangilio, kwa sababu hukuita chochote. Radi hapa kwetu inapiga kila msimu tangu kabla hujazaliwa, na ng'ombe umeniandikia mwenyewe kwamba alifungwa chini ya mkaratusi. Aliyemfunga pale ndiye wa kuulizwa.

Sasa tuje kwa lile uliloliandika mwisho, upesiupesi, ukidhani nitalipita. Baba alikuuliza uliona nani, ukasema kama mwanamke. Kama mwanamke! Hapo mdomo haukukauka, sivyo? Hapo sauti ilitoka vizuri kabisa, bila roho wala bikari. Kumbe kusema unajua, ila unajua kusema juu ya mjane asiye na mtu wa kumsimamia. Nimekasirika, na sikufichi.

Halafu unaniomba nifiche jina lako. Jina la yule mama uliliandika wazi mara tatu na hukuniomba nilifiche. Mimi ndiye niliyelibadilisha kabla ya kuchapa.

Leo ni Jumatatu, kwa hivyo una siku tatu. Ukimaliza kusoma hapa, usikae. Nenda jikoni umwambie mama yako ni wewe, atakutukana, mwache atukane. Figa libebe wewe mwenyewe mpaka mlangoni, atakayelirudisha mahali pake na la kusema akilirudisha anajua mama yako, wewe ni mchukuzi tu. Kisha muulize kama Mama Ayuma anaweza kulala kwenu mpaka baraza liishe, nami nadhani atamfuata mwenyewe kabla hujamaliza kuuliza. Kaburi la babu lifukie baba yako akikuona. Na leo hiihii, kabla ya jioni, fika kwa naibu wa chifu umweleze habari ya wanaotaka kuchoma, kwa majina, maana unawajua, ndio uliotaka wakupigie kura.

Ibada usirudie. Karatasi ya grafu ibebe barazani, watu watataka ushahidi.

Watakucheka, ndiyo. Watakuita joho mpaka uzeeke. Uchaguzi huu huenda umekwenda, na hilo halinikoseshi usingizi. Viazi vya Mama Ayuma utavipanda upya kwa mkono wako, matuta yote, yeye akiwa ameketi kivulini anakuonyesha ulipokosea.

Siku ya Alhamisi naibu wa chifu atauliza nani ana neno. Simama kabla ya wale vijana, karibu na baba yako. Mdomo utakauka tu, chukua chupa ya maji, hata hayo ya Yala. Huhitaji hotuba. Taja jina lako, na mara hii ulikumbuke, halafu useme: ni mimi.