Kaka, Umeleta Kiyoyozi Sumbawanga

Kaka yangu mpendwa, mwenye vigae,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu ya umri, usije ukadhani umeipata kwa sababu nyingine.

Hatujambo kiasi. Siwezi kusema wazima, maana watu wanaokula vumbi la simenti la ukarabati wako asubuhi, mchana na jioni hawaitwi wazima. Mama anakohoa, mimi nakohoa, hata kuku wanakohoa. Ila vigae vya sebuleni vinang'aa, na najua ndicho ulichotaka kusikia kwanza. Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu kwenye simu maneno yakikuchoma huwa unasingizia mtandao.

Boksi lako limefika. Lilishushwa kutoka kwenye basi, bajaji ikalileta mpaka hapa Milanzi, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Mama Saidi wa dukani akauliza, "Mmenunua friji?" Nikamwambia ni kiyoyozi. "Cha kufanyia nini?" Cha kupoza nyumba, nikamjibu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na rangi ya ukuta ilikuwa haijakauka, gauni lake likaharibika. Sikumlaumu. Kupoza nyumba, Sumbawanga, mwezi wa sita! Huku tunalala na masweta na soksi, upepo unapuliza hadi ndoo ya maji inauma mkono, halafu mtoto wa hapa hapa, aliyezaliwa hapa hapa, anatuletea baridi ndani ya boksi. Jasho la Dar limekutoa akili, kaka. Boksi liko ukumbini na halijafunguliwa. Kuku mmoja ameshaanza kutagia juu yake na sijamfukuza.

Na madirisha yale mapana ya kioo uliyoagiza, umeyaelekeza kule upepo unakotoka. Haya bwana. Mama sasa anakaa sebuleni kwake amejifunga blanketi kama mgeni anayesubiri kuruhusiwa kuondoka.

Lakini hayo yote ningekusamehe. Jiko sitakusamehe. Lile jiko la mama la nyuma, la matofali ya kuchoma, lenye mafiga matatu na mlango mfupi. Ulisema, "Lile banda libomolewe, linaharibu muonekano. Mlango wenyewe kama wa kuku." Muonekano wa nani? Wewe nyumba unaiona kwenye simu tu. Mama ndiye anayeamka na miguu imekakamaa kwa baridi, na mahali pekee inapokunjuka ni pale kando ya moto.

Unajua vizuri ulivyozaliwa. Njiti, unaenea kwenye ungo na nafasi inabaki. Mama amekusimulia kila Krismasi mpaka ukawa unammalizia sentensi. Baridi lote lile alikuweka kifuani, akakaa na wewe pale kwenye mafiga, baba akileta kuni, watu wakipita kuchungulia kama bado upo. Ukawepo. Na mimi nilipokuja nikakukuta ndiye mfalme wa jiko lile. Tukirudi shule tumelowa, sweta zikianikwa juu ya moto, ulikuwa unashika upande usio na moshi halafu unaniambia, "Wadogo moshi hauwaumizi." Nami nikaamini, mjinga mimi, nikakaa machozi yakinitoka huku wewe unakula viazi. Mtihani wa kidato cha nne ulisomea pale pale. Leo umekuwa bwana mkubwa, unauonea haya mlango uliopita ukiwa umebebwa mgongoni.

Sasa sikiliza ya Jumamosi. Mashine ya kukata vigae ilianza kulia kabla hatujanywa chai. Nikamkuta mama kitandani ameziba masikio kwa kitenge. Hakulalamika, unamjua. Nikamwambia, "Mama, vaa viatu, twende zetu mlimani Mbizi." Akauliza, "Na mafundi?" Nikasema mafundi wana mikono na wana akili, watajipikia.

Bajaji ilitupandisha mpaka ikagoma, tukaendelea taratibu kwa miguu. Kaka, mama yule aliyekuwa anaburuta miguu kwenye vigae vyako, kule alitembea! Alisimama mara nyingi, ndiyo, lakini si kwa kuchoka. Alisimama kuangalia miti, kunusa majani, kunionyesha mahali mlipokuwa mkiokota uyoga na baba. Tulipofika pale unapoliona bonde la Rukwa, akaanza kutafuta kwa kidole upande wa Milepa kwa mdogo wake. "Sasa hivi anavuna," akasema, akacheka peke yake. Hakuwa amekohoa tangu tushuke kwenye bajaji. Tukapanga mawe mahali palipo wazi, tukakoka moto mdogo, tukachoma viazi, naye akanyoosha miguu akavua soksi. Miezi miwili ya ukarabati wako sikuwa nimemwona amevua soksi mchana.

Ndipo ukapiga simu ya video. Mtandao wa kule huwa haueleweki, lakini kwako ulishika. Ulimwona mama amekaa chini kando ya mawe, na neno lako la kwanza halikuwa shikamoo. "Mama, umekaa porini kama mkimbizi? Watu wakikuona watasemaje?" Mama akakujibu, "Napumzika, baba." Ukasema, "Jumatatu fundi anabomoa lile jiko, sawa?" Akageuza kiazi motoni, akasema, "Sawa, baba." Ukakata, umeridhika. Loo! Nilitamani mkono wangu upite kwenye simu ukakuzabe kofi.

Nilidhani amekubali kweli. Wakati wa kushuka nikamwona anainama njiani, anaokota kuni. Kijiti hiki, kijiti kile, mpaka ukapatikana mzigo, akaufunga kwa kitenge chake. Nikamuuliza, "Mama, kuni za nini, na jiko linabomolewa?" Akaniambia nimtwike.

Jumatatu fundi wako, yule bwana kutoka Mbeya, alikwenda nyuma na nyundo. Akamkuta mama ndani, sufuria ya maharage iko motoni na samaki wa migebuka wanakaangwa, kwa ajili yake yeye na wenzake. Akasimama pale mlangoni, nyundo mkononi. Akaniambia, "Dada, mimi siwezi kumbomolea mama jiko lina moto, tena lenye chakula changu. Ukizimika, nitaanza." Mama alisikia. Hakugeuka hata kutazama.

Basi tangu siku hiyo moto haujazimika. Asubuhi uji, mchana maharage, alasiri anachemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba, na akienda kulala anafukia makaa kwenye majivu kama alivyofanya maisha yake yote. Mafundi wanakula, wanashukuru, wanarudi kwenye vigae. Kuni zikipungua naenda kuzileta mimi. Jumamosi tunarudi Mbizi, safari hii na mama Saidi.

Kwa hiyo usinipigie kuniuliza kazi imefikia wapi. Ukitaka jiko libomolewe, panda basi uje uuzime huo moto mwenyewe, mbele ya macho yake. Utamkuta amekaa kwenye kigoda, na upande usio na moshi hakai mtu, anasema ni wako. Mlango haujaongezwa urefu, kaka. Itabidi uiname.

Mimi mdogo wako,
wa upande wa moshi.