Kioo cha Ghorofa ya Tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wote wa nyumba hii. Natumaini wewe, shemeji na wanao hamjambo, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Sisi tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa makusudi, maana roho yangu haitulii. Barua hii niliianza mezani, nikaihamishia dirishani, na sasa naiandika nimesimama, karatasi juu ya kabati la vyombo, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Uliponipigia simu ulikuwa unawaka moto. Ulisema watu wanadai kitinda mimba wetu, Taratibu, alimwachia binamu yetu Kengele kioo mikononi hadi kikamkata. Ukasema huamini hata neno moja, na kwamba Jumamosi unakuja na Baba Mdogo ili Kengele anyang'anywe funguo za karakana ya vioo ya baba na afukuzwe. Niache nikueleze yalivyokuwa. Unisamehe nikirefusha; ualimu hautoki mtu kwa kustaafu.

Kwanza uijue kazi yao. Kioo kikubwa hubebwa kikiwa kimesimama, watu wawili, mmoja kila upande. Penye ngazi nyembamba anayetangulia hupanda kinyumenyume, haoni aendako. Ndiyo maana marehemu baba aliweka sharti kwamba sauti iwe moja tu. Mmoja anaita panda, simama, kushoto, na mwenzake anatii bila kubisha, hata akiwa yeye ndiye mkubwa. Ila huyo anayetii naye ana neno lake moja. Akisema "chini", kioo kinashushwa palepale, hakuna mjadala.

Siku ile walikuwa wanapeleka kioo ghorofa ya tatu. Walipofika pale ngazi inapopinda, mahali palipo wazi upande mmoja, upepo ulikisukuma kioo, na Taratibu akasema chini. Kengele, unajua jina lile alilipataje, alipiga kelele mpaka milango ya wapangaji ikafunguka. Alimwita kondoo. Akamwuliza kama anamngoja mama atoke kaburini aje kumshika mkono. Taratibu alikiegemeza kioo ukutani juu ya matambara, akamjibu kwamba amwite jina lolote, lakini yeye hapandi mpaka upepo utulie, na anamsihi binamu naye asipande. Kengele akamwita mlinzi wa jengo, mtu ambaye hajawahi kubeba kioo maishani mwake, akamwambia ashike upande wa pili. Hawakupanda hata ngazi tano. Upepo ulirudi, mlinzi akaachia kwa hofu, Kengele akang'ang'ania, kioo kikavunjika na kumkata mkono.

Taratibu ndiye aliyevua shati lake, akaufunga ule mkono, akamshusha mgongoni hadi chini. Hayo sikuyasikia kutoka kwake. Alinisimulia mlinzi mwenyewe.

Hospitali walimshona kano za vidole viwili. Kila aliyekwenda kumpa pole, Kengele alimwambia kwamba Taratibu ndiye aliyeachia. Hivyo ndivyo habari ilivyokufikia.

Sasa sikiliza la ajabu. Kengele anaishi peke yake, na kwa mkono mmoja hawezi hata kufunga vifungo, basi Taratibu akamleta hapa nyumbani. Amempa kitanda chake, yeye analala sebuleni. Kila asubuhi anamvalisha shati na kumfunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa namfuata Taratibu chumba hadi chumba nikimwuliza mbona hasemi ukweli, ulimi wake umeliwa na panya? Nilimwambia upole ukizidi huwa uoga. Akasema ameshasema. Asubuhi ile ile, akiwa anamfunga vifungo, alimwambia Kengele: binamu, ulinisingizia na unajua, na mimi sitakusingizia. Nikauliza Kengele alijibu nini. Akasema aliinua kidevu ili kifungo cha juu kipite.

Nikamwuliza kwa nini basi asiyaseme mbele za watu. Alicheka. "Kaka, nikishamshinda mbele za watu, nitabeba na nani?"

Jana tulipeleka kioo kingine, maana mwenye jengo alikuwa anakidai kila saa. Mtu wa kushika upande wa chini akakosekana, nikashika mimi, na mifupa yangu hii. Taratibu alitangulia kinyumenyume. Sauti alimpa Kengele. Ndiyo, Kengele! Akamsimamisha pale panapopinda, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, atuambie upepo unavyokwenda. Nilitaka kukataa. Taratibu aliniambia hakuna anayeujua upepo wa pale kuliko yeye.

Kengele alituambia tusimame. Tukasimama, mabega yakiniwaka moto. Baadaye akasema njooni, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Tukapita, na kioo kikakaa mahali pake. Mwenye jengo alikuja, akamdhihaki Taratibu: hiki nacho ataachia? Kengele akasema hakuachia. Akasema Taratibu alimkataza kupanda, na ni yeye Kengele aliyepanda. Alilisema polepole mno, mwenye jengo akamwambia arudie, naye akarudia.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi, mdogo wangu, na hapo ndipo lilipo jambo linaloninyima usingizi. Tulipokuwa tumesimama pale, nimeshika upande wangu, niliomba upepo uje. Niliuomba kwa moyo wote, kama mtu anavyosali. Nilitaka Kengele akosee mbele ya watu, wote waone kwamba mkosaji ni yeye, na mimi nilisema kweli tangu mwanzo. Mikono iliyokuwa upande wa juu wa kioo kile ilikuwa ya ndugu yetu. Nilijua hivyo, na bado niliomba.

Kwa hiyo Jumamosi njoo, na Baba Mdogo aje, tutafurahi kuwaona. Lakini funguo mziache zilipo, na habari ya kufukuza mtu muiache huko huko. Baba Mdogo akitaka wa kumkemea, mwambie nipo, nitakaa nimsikilize mpaka amalize. Taratibu bado hajui nilichoomba. Nimefika mara mbili mlangoni mwa chumba alichomo na Kengele, nimwambie, nikarudi kwenye karatasi hii. Sasa nasikia wanacheka kule ndani. Nadhani anamvua binamu viatu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Baba Mdogo mpe shikamoo yangu. Naweka kalamu chini, naenda kubisha hodi.

Wako akupendaye,
Kaka Mwalimu