Skana ya Send-off ya Jovina

Jumapili, 1 Septemba 2024

Nimepewa cheo. Kamati ilikaa sebuleni kwetu tangu misa ya kwanza ilipotoka, wakamaliza sambusa zote, halafu ndio wakakumbuka kwamba nipo. Mwenyekiti Adelard — rafiki wa marehemu Baba, mtu anayeweza kuihutubia hata rimoti ya tivii — akasema safari hii getini hakuna kubembelezana. Kila kadi ya mwaliko itakuwa na msimbo, na msimbo utasomwa na skana. Asiye na kadi asubirie picha Whatsapp. "Na huyu Lusungu ana digrii ya takwimu. Akae na mashine." Makofi! Digrii yangu imepata kazi kabla yangu.

Send-off ya dada Jovina ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne, ukumbi wa hapahapa Segerea. Yeye anaagwa ndani, mie nalinda mlango. Inanifaa. Sijui kucheza, na watu wakishika skana hawaulizwi wanaolewa lini.

Kabla hawajaondoka Jovina alitoka jikoni, akauliza mbele ya wote: kadi ya Shangazi Rosalia imeshatoka? Mama akaanza kukusanya vikombe. Watu walikuwa bado wanakunywa.

Jumanne, 3 Septemba

Manzese, kwa Farhan, anayechapa kadi na kukodisha skana. Nilitegemea chombo cha maana. Kumbe ni kitu kama bastola ya kuchezea, kimechoka, kina plasta kwenye mpini. Haina kioo wala menyu. Setingi zake zote ziko kwenye kijitabu: unataka ilie kwa sauti, unaisomesha msimbo wa kulia kwa sauti. Unataka inyamaze, unaisomesha msimbo wa kunyamaza. "Na ukivuruga kabisa, sista, soma huu wa mwisho. Inasahau yote, inarudi ilivyotoka kiwandani."

Nikamwuliza kama anao wa binadamu. Akacheka. Ana meno mazuri. Hayo hayahusiani na setingi.

Skana inatuma msimbo kwenye simu yangu, simu inatoa jina. Kijani: pita. Nyekundu: kadi imeshatumika. Pembeni ya kila jina kuna kitufe cha RUDISHA, ukikosea.

Jioni nimekosea. Niliacha skana kwenye hali ya kusoma yenyewe, kijitabu kiko wazi mezani, nikainuka kuzima jiko. Nyuma yangu ikalia. Tii. Sikujali. Kisha nikaijaribu kwa kadi ya Mwenyekiti, na badala ya namba ikaandika alama tupu, zile za mtu wa katuni akijigonga kidole. Nusu ya jioni natafuta kosa. Kumbe ilikuwa imesoma ukurasa wa lugha ikajigeuza Mfaransa! Sasa nimejifunza: funika kurasa zote kwa kanga, acha nje msimbo mmoja tu unaoutaka. Mashine haina adabu. Chochote kilicho mbele yake inakiamini.

Jumatano, 4 Septemba

Mama amekuja kukaa kitandani kwangu, kitu ambacho hafanyi. Ameshika skana, ameigeuza, ameuliza: hii ikimkataa mtu, anaweza kubishana nayo?

Nimesema hapana.

"Nzuri," akasema. Akaondoka.

Najua anachofikiria. Tangu msiba wa Baba yeye na Shangazi Rosalia hawasalimiani. Mama alitaka Baba azikwe hapa Dar, awe anamtembelea. Shangazi, kama dada yake Baba, alisema mtoto wa watu harudi kwao kwa picha. Gari likaenda Tukuyu, kwao Baba. Mama alikaa kiti cha nyuma njia nzima na hakula. Mimi nilikaa katikati yao. Ndio nafasi yangu katika familia hii: katikati, na mkanda haufungi.

Lakini Jovina aliishi kwa Shangazi Mbagala miaka yake yote ya sekondari. Na kwetu, baba akiwa hayupo, shangazi ndiye anayemshika bibi harusi mkono, anatamka maneno, anamkabidhi. Si mama. Si MC. Hakuna wa akiba.

Ijumaa, 6 Septemba

Mazoezi ya geti, uani kwetu. Mwenyekiti alikuja na mkewe na kadi yao ya watu wawili, maana kadi ni za aina mbili, single na double, na ole wako umpe single mtu anayejiona double. Nikabonyeza mara moja. Skana ikasoma mara mbili kwa mpigo. Mwenyekiti akapita, mkewe taa nyekundu: imeshatumika.

"Adelard!" mama wa watu akapaza sauti. "Umeingia na nani?"

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Kwa umbo la Mwenyekiti, kuhesabiwa wawili si kosa la mashine. Nimetafuta kwenye kijitabu: ipo setingi ya kuizuia isirudie msimbo uleule hapohapo. Nimeisomesha. Sasa inatulia kidogo kati ya mume na mke. Wanapata nafasi ya kutazamana.

Jioni Jovina alimpigia Shangazi, akaweka spika. Kamati imemtumia kadi kwa Whatsapp. Single.

"Jovina, mimi nimekubeba mgongoni. Leo ndio niskaniwe mlangoni kama dawa ya meno?"

"Shangazi, wanaskaniwa wote."

"Hao wote ni wageni. Mimi ni mgeni kwa kaka yangu?"

Akakata. Jovina hakulia. Amesema tu, akiwa ananitazama, kwamba Shangazi asipokuwepo yeye hatoki chumba cha kupambia. Watakula keki bila yeye. Ni mtu wa maneno machache na anayatimiza yote. Namwonea wivu.

Jumatatu, 9 Septemba

Shangazi amekubali! Amempigia Jovina mwenyewe asubuhi. Amesema amelala akiliwaza jambo hilo, akaona haiwezekani mtoto akose kushikwa mkono kwa sababu ya skana. Atakuja na wanawake wa Mbagala, kwenye Coaster. Ameuliza kama kadi lazima iwe kwenye simu, maana simu yake ina ufa.

Jovina aliimba akiosha vyombo. Mama alisikia kila kitu. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuuchambua mchele uleule.

Jumatano, 11 Septemba

Hakuna jipya. Skana inasoma hata kadi iliyomwagikiwa chai. Farhan ametuma ujumbe: mashine inaendeleaje? Nimejibu: salama. Nimefuta "na wewe je". Nimeiandika tena. Nimefuta.

Ijumaa, 13 Septemba

Imetokea leo mchana, na sina hata raha ya kuiandika vizuri.

Mama aliingia na simu yake. Kwenye kioo, kadi ya Shangazi, ile ile picha ya Whatsapp, ameipata kwa kamati. Akasema: soma.

Nikajifanya sijaelewa. Akasema Mwenyekiti mwenyewe amemweleza kwamba kadi ikisomwa mara moja imekwisha. Basi. Isomwe leo. Kesho mashine imwambie yenyewe, si mimi, si wewe. Hakuna aliyemfukuza. Atageuza gari, na mimi nitamshika mwanangu mkono mwenyewe.

Nikamwambia Jovina hatatoka chumbani. Akasema Jovina ni wake, amemzaa, atatoka. Kisha akasema — na hapa sauti yake ikawa ndogo — "Alinichukulia kaburi, Lusungu. Na huyu pia?"

Nina digrii. Nimeandika tasnifu. Nilinyoosha skana kwenye kioo cha simu ya mama yangu kama mtu anayenunua sabuni, nikabonyeza. Tii. Kijani. ROSALIA, AMEINGIA.

Mama akanibusu kichwani. Hajawahi. Yaani hata siku ya mahafali.

Kitufe cha RUDISHA kipo. Kesho asubuhi nitakibonyeza, Mama hatajua mpaka amwone ndani. Kesho.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika kwenye simu. Getini, nimesimama. Wanadhani nafanya kitu kingine.

Sikubonyeza asubuhi. Nilifungua jina lake mara kadhaa. Kila mara nilimwona Mama, kwenye kioo, akivalishwa kilemba, mwembamba kuliko mwaka jana, na nikasema nitabonyeza Coaster ikitokea kwenye kona. Mpango mzuri. Wa mtu anayetaka kufanya wema bila kuonekana na yeyote, pamoja na yeye mwenyewe.

Geti lilikwenda vizuri mno. Nilijiona waziri. Wazamiaji niliwageuza kwa tabasamu. Single, kijani. Double, kijani, tulia, kijani. Kisha mkanda wa kiatu ukakatika, nikainama. Nilipoinuka Coaster ya Mbagala ilikuwa imeshasimama, wanawake wanashuka na vigelegele, na Mwenyekiti alikuwa ameshanyakua skana mezani, maana mpiga video yupo.

"Huyu namsoma mwenyewe! Shangazi wa bibi harusi!"

Shangazi Rosalia alikuwa amevaa kitenge cha bluu na lulu. Kadi yake ameichapisha stationery, ya rangi, na ameifanyia lamination! Ile plastiki iling'aa kwenye taa, skana haikuona kitu. Mwenyekiti akahangaika. Shangazi mwenyewe akaiinamisha kadi kidogo, akamsaidia. "Hivi?"

Ikalia mlio mrefu. Simu yangu, iliyokuwa mezani, ikawa nyekundu yote.

"Inasemaje?" Shangazi akauliza.

Mwenyekiti alisoma kwa sauti kabla ya kufikiri, kama anavyofanya kila kitu. "Inasema umeshaingia."

"Mimi?"

"Ndiyo. Jana. Mchana."

Wanawake nyuma yake wakacheka, wakidhani ni utani wa kamati. Shangazi alichungulia ndani ya ukumbi, taratibu, kama mtu anayejitafuta mwenyewe kwenye viti vya mbele.

"Basi kaniiteni nitoke," akasema.

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Akavuta kiti cha plastiki cha mlinzi, akakaa, pochi mapajani, katikati kabisa ya geti. Nikamwambia shikamoo Shangazi, pita tu, ni kosa dogo. Akasema marahaba mwanangu, siwezi kupita, nimeshapita. Aliye ndani kwa jina langu ndiye atakayemkabidhi Jovina. Mkamwulize kama anayajua maneno.

Ndani, MC akaanza kuita. Shangazi wa bibi harusi! Muziki. Shangazi yuko wapi jamani! Muziki tena, mrefu. Mlango wa chumba cha kupambia haukufunguka.

Ndipo Mama akatoka. Ameshika pindo la gauni. Akasimama mbele ya kiti, na mbele ya watu wote akasema, "Wifi, karibu ndani. Hizi mashine za Kichina zinatusumbua tu tangu asubuhi."

Wifi! Tangu msiba ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Shangazi akamwinulia uso. Nadhani lile neno lilimfikia. Nadhani alitaka kusimama, maana alishika mkono wa kiti. Kisha akakaa tena.

"Asante, wifi. Mashine nimeshaisikia. Sasa nataka kumsikia mtu." Akanigeukia. "Lusungu. Si wewe ndiye unayekaa nayo?"

"Hebu mweleze Shangazi yako," Mama akasema, haraka. "Si ni setingi?"

Nikasema, subirini kidogo. Nikachukua simu.

Mwenyekiti anawaambia watu watulie, mtaalamu anarekebisha. Mpiga video ameniwekea taa usoni. RUDISHA ipo hapa chini ya kidole. Nikiibonyeza jina litakuwa kijani, nitasema ndiyo, ilikuwa setingi, na kuanzia leo itakuwa kweli ilikuwa setingi. Mama atapumua. Jovina atashikwa mkono. Na Shangazi ataingia, akijua kwamba nimemdanganya.

Nisipoibonyeza, lazima nifungue mdomo. Na Mama amesimama hapa, kilemba kimeanza kulegea upande wa kushoto, hakuna mtu wa kumwambia.

Mlango wa chumba umefunguka. Jovina ametoka mwenyewe, bila muziki, anakuja huku na gauni lote, watu wanampisha.

Naandika polepole, kama mtu anayerekebisha. Wote wanaitazama simu. Shangazi peke yake ananitazama mimi —