Neema Harudi, na Mwisho Sibadilishi

Mjukuu wangu Furaha,

Babu yako wa mtaa wa Hjulsta, huku ughaibuni, anakusalimu, na usicheke: ukoo ni ukoo, hata kama tunalingana umri. Mama yangu ni mzima, baridi tu inamsumbua magoti.

Unauliza kwa nini kwenye filamu yangu Neema harudi. Sikiliza! Niliiandika ili arudi kweli. Tulikuwa tumeachana, nikamwomba aigize yeye mwenyewe, akakubali. Basi nimepiga magoti kwenye theluji mlangoni kwao, maua mkononi, namngoja aseme, "Ingia."

Akanitazama. "Simama, wewe, suruali inaloa. Mimi sirudi. Hata kwenye filamu sirudi!"

Rafiki yangu aliyeshika kamera alicheka mpaka picha ikatikisika.

Tulipoionyesha Rinkeby, mtaa wa jirani, ukumbi mzima ukapiga kelele: "Badilisha mwisho! Tafuta dada mwingine aseme ndiyo!" Nikasimama mbele yao nikakataa. Huyo wa kusema ndiyo mimi simjui. Niliyempenda ni huyu aliyesema hapana, na nilimpenda kwa sababu ndivyo alivyo.

Nisalimie Bukavu yote. Wakiuliza kuhusu mwisho, waambie babu amekataa.

Babu Baraka